Elimu ya Nyumbani: Uzushi na Ukweli Wake

Katika mambo yanayosemwa sana na kufikiriwa kidogo nchini mwetu, elimu ya mtoto nyumbani kwao ni mojawapo. Kila mtu ana kauli yake. Wako wasemao kwamba elimu huanza siku mtoto avukapo lango la shule, na kwamba kabla ya hapo yeye ni mtungi mtupu uliowekwa kando kungoja maji. Wako wasemao kwamba mababu walikuwa na kila kitu, na shule imekuja kuharibu. Na sasa wamezuka wengine, wachache bado lakini wenye sauti, wasemao kwamba mtoto mwerevu hana haja ya kukaa darasani na wenziwe; mletee vitabu kutoka ng'ambo, mwajirie mwalimu, mfungie lango, naye atakua mwanachuoni. Makundi haya hayapatani, ila katika jambo moja: yote huzungumza juu ya nyumba bila ya kuitazama.

Nia ya makala haya ni kuzikagua kauli hizo moja moja, kuutupa uzushi na kuuhifadhi ukweli. Palipo na madhara sitasema kwa upole, kwa sababu hasara ya uzushi huu hailipwi na wanaoueneza. Hulipwa na watoto.

Uzushi wa kwanza ni ule usemao kwamba elimu ililetwa na shule. Huyu ni mtoto wa ukoloni, na ijapokuwa mzazi wake amekwisha kuondoka, mtoto angali hai na anakula vizuri. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alieleza wazi kwamba kukosekana kwa shule kabla ya wakoloni hakukuwa na maana ya kukosekana kwa elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Yeye mwenyewe alikuwa ushahidi wa maneno hayo. Alizaliwa mwaka 1922, akaingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Miaka 12 ya kwanza ya uhai wake ilikuwa ya Butiama, ya mifugo na ya kusikiliza wazee. Nani atathubutu kusema kwamba miaka hiyo ilikuwa mitupu?

Tazameni milima ya Umatengo, Wilaya ya Mbinga. Wamatengo hulima katika miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Nyasi hukatwa na kupangwa miraba miraba, udongo huchimbwa katikati ya mraba na kufukiwa juu ya nyasi hizo, na mvua inyeshapo maji hutuama shimoni badala ya kuupora udongo na kuupeleka bondeni. Hakuna chuo cha kilimo kilichowafundisha. Wataalamu wa vyuo ndio waliokwenda kujifunza kwao. Ujuzi huo umepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana na kutoka kwa mama hadi kwa binti, wote wakiwa wameshika jembe. Pwani nako, mtoto wa mvuvi hujua kwamba bamvua hufuata mwezi uandamapo na uwapo mpevu, na kwamba baina yake huja maji mafu. Hajui hivyo kwa kukariri, anajua kwa sababu kitoweo cha jioni hukitegemea. Na mzee achezaye bao la mashimo 32 na kete 64, akahesabu hatua kadhaa za mbele pasipo karatasi, asiitwe mtu asiyejua hesabu na kijana ambaye hawezi kutoa chenji bila ya kubonyeza simu.

Wala elimu hiyo haikuwa ya mikono pekee. Katika mwaka 1858 hivi, huko upande wa Pate na Siu, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Utenzi huo sasa husomwa na kuchambuliwa katika vyuo vikuu vya mabara mengi, lakini mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti mmoja, nyumbani, ubavuni mwa mama yake. Baada yake Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, mtumishi wa serikali aliyekwenda ofisini kila asubuhi kama sisi, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Hakusema kwamba kazi ni nyingi na kwamba mambo ya watoto wataangalia walimu. Fasihi yetu, basi, sehemu yake bora ni daftari la masomo ya nyumbani.

Uzushi wa pili ni kinyume cha wa kwanza: kwamba kila kilichofundishwa nyumbani zamani kilikuwa dhahabu. Wapenzi wa utamaduni, nami ni mmoja wao, huteleza hapa. Jando na unyago vilifundisha usafi, uvumilivu, heshima na kutunza siri ya nyumba. Vilifundisha pia, katika sehemu nyingi, kwamba msichana aliumbwa kutii na kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Katika baadhi ya makabila vilifuatana na ukeketaji, jambo ambalo sheria ya mwaka 1998 imelifanya kuwa kosa la jinai kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Hata wasia wa Mwana Kupona, pamoja na utamu wake wote, una mafundisho juu ya mke na mume ambayo msichana wa leo ana haki ya kuyahoji, na mwalimu mzuri atampa nafasi ya kuyahoji. Utamaduni ni shamba, nalo shamba hupaliliwa. Anayekataa kupalilia kwa kisingizio kwamba magugu nayo aliyapanda babu, huyo halipendi shamba wala hampendi babu.

Uzushi wa tatu husema kwamba mzazi asiyesoma hana la kumfundisha mtoto. Huu umewavunja moyo wazazi wengi, hasa akina mama wa vijijini, wakakaa kimya mbele ya watoto wao kana kwamba wamekaa mbele ya wakaguzi. Historia yetu inaukanusha. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu milioni 2 walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Wakati wa sensa ya mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kwa hesabu za serikali za mwaka 1986 walikuwa wamebaki asilimia 10 hivi. Nani waliojifunza? Ni wazazi. Katika nyumba nyingi mama na mwanawe walisoma kwa taa moja, na mtoto aliyemwona mama yake akihangaika na herufi alipata somo ambalo hakuna mtaala unaoweza kulitoa, yaani kwamba kusoma ni jambo la maana hata kwa mtu mwenye mvi. Mafanikio hayo hayakudumu yote, kwa kuwa vita dhidi ya ujinga havina siku ya kuweka silaha chini. Lakini yalithibitisha kwamba mzazi afundishikaye ni mwalimu tosha.

Jaribio la karibu zaidi lilikuja bila ya kutangazwa. Tarehe 17 Machi 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, shule zetu zilifungwa. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni. Majirani zetu walikaa zaidi: Kenya haikufungua shule zote hadi Januari 2021, na Uganda hadi Januari 2022. Katika miezi hiyo kila nyumba iligeuka shule, ikitaka isitake, na kila mzazi aliona kile alichokuwa amejificha nacho kwa miaka mingi. Kulikuwa na vipindi vya masomo redioni na katika televisheni, lakini redio haimwulizi mtoto kama ameelewa. Mzazi ndiye wa kuuliza. Mama asiyejua kanuni ya eneo la mstatili aliweza kusema, "Hebu nieleze mimi," na mtoto akieleza alielewa yeye mwenyewe. Baba mwenye shahada mbili ambaye hakuwahi kuuliza neno hakumfaa mwanawe kitu. Tofauti baina ya nyumba hizo mbili haikuwa vyeti.

Uzushi wa nne unahusu lugha. Upo ugonjwa miongoni mwa watu wenye nafasi mijini wa kuwazungumzia watoto Kiingereza tangu utotoni, tena Kiingereza ambacho mzazi mwenyewe hukitafuta kwa taabu, ili ati mtoto asibaki nyuma. Matokeo ni mtoto anayemwomba bibi yake maji kwa mkalimani. Hadithi za bibi humpita, vitendawili humpita, misemo ya babu huwa kelele masikioni mwake. Na kwa kuwa Kiingereza alichopewa kilikuwa cha amri tu, cha kaa na simama na kula, hana lugha hata moja ya kufikiria jambo zito. Sikatai Kiingereza. Sekondari zetu hukitumia kufundishia, ingawa Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kishike nafasi hiyo, na hoja hiyo ingali hai. Nasema kwamba mtoto aliyejengwa vizuri katika lugha ya nyumbani hujifunza ya pili akiwa amesimama juu ya mwamba, na yule aliyenyimwa ya nyumbani hujifunza ya pili akiwa juu ya mchanga. Jioni moja ya "Kitendawili!" na "Tega!" humzoesha mtoto kulinganisha vitu, kukisia, kukosea mbele ya watu na kukubali kushindwa kwa kutoa mji. Mzazi anayelipa pesa nyingi ili mwanawe afundishwe kufikiri ameipita hazina hiyo mlangoni pake.

Uzushi wa tano ni kwamba karo hununua malezi. Mzazi hulipa, mtoto wa miaka mitano hupelekwa bweni, naye mzazi hurudi kazini akiwa na dhamiri safi. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia kuwaweka bweni watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, ila kwa kibali maalumu. Wapo walionung'unika. Nawauliza: mtoto huyo anayelia usiku kwa homa au kwa ndoto mbaya, mnadhani mlezi mmoja mwenye vitanda arobaini vya kuangalia atamsikia? Wahenga waliposema kwamba mwana hutazama kisogo cha nina, walikuwa na maana kwamba mama ni wa kufuatwa. Hakuna wahenga waliosema kwamba mwana hutazama risiti. Walimu nao huonewa na uzushi huu. Mtoto akitukana, mwalimu hakumfunza adabu. Akiiba, mwalimu alikuwa wapi? Mwalimu wa darasa la wanafunzi 80 anatakiwa awe baba na mama wa wote, ilhali baba na mama wa mmoja wamechoka na huyo mmoja.

Sasa nafika katika uzushi wa sita, ambao kwangu ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu huvaa nguo za ukweli. Husema: mtoto huyu hakwenda shule, lakini anajifunza nyumbani. Sentensi hiyo imetumiwa kuwaficha watoto wengi kuliko giza lolote. Husemwa juu ya binti wa miaka 10 anayelea wadogo zake, kuchota maji na kupika, ambaye kila akionyesha akili huambiwa kwamba jiko ndilo chuo chake. Husemwa juu ya mtoto wa mfugaji anayefuata ng'ombe mwaka mzima. Husemwa juu ya mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Husemwa, na hili ni la kuaibisha zaidi, na watu waliosoma, juu ya mtoto wa kijijini waliyemleta mjini awe mtumishi wa ndani: ati "tunamlea kama mwanetu, anajifunza maisha." Mwana wao wa kuzaa huamshwa saa kumi na mbili kwenda shule. Huyu huamshwa saa kumi na moja amwandalie chai.

Watu hawa hunyakua maneno yetu sisi tunaotukuza elimu ya nyumbani na kuyafanya shuka la kufunikia dhuluma. Hapana budi tuwanyang'anye. Elimu ya nyumbani ni ile inayomwongezea mtoto. Inayompunguzia haina haki ya jina hilo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikata shauri kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamtwika mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto na kuhakikisha kwamba anahudhuria. Toka Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yameweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa mtu amwoaye mwanafunzi au kumpa mimba. Kizuizi kinachobaki mara nyingi ni mzazi mwenyewe, na jirani anyamazaye.

Wala tusidhani kwamba ni wazazi pekee waliokosa. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, akarudishwa nyumbani, na nyumbani kukawa gereza lake, huku mvulana aliyeshirikiana naye akiendelea na masomo yake. Uamuzi uliotangazwa Novemba 2021, kwamba wasichana hao wanaweza kurejea katika shule za kawaida, ulikuwa wa haki, nao haukuja mapema. Bado msichana arejeaye huhitaji nyumba itakayomshikia mtoto na darasa lisilomnyooshea kidole. Wanafunzi msomao kurasa hizi, hilo la pili liko mikononi mwenu.

Uzushi wa saba ni ule wa lango lililofungwa. Nimesema kwamba wako wazazi wanaotaka kuwatoa watoto shuleni kabisa na kuwasomesha nyumbani kwa vitabu vya kigeni, wakidai kwamba hivyo ndivyo dunia iliyoendelea ifanyavyo. Dunia hiyo haina kauli moja. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1944 ilimtaka mzazi ampatie mtoto elimu, ama shuleni ama kwa njia nyingine, na msimamo huo unaendelea. Huko Marekani vuguvugu hili lilishika kasi katika miaka ya 1970 na 1980. Mwalimu mmoja, John Holt, alianzisha jarida lake mwaka 1977, na kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu. Ujerumani, nchi iliyoendelea pia, huwalazimisha watoto kuhudhuria shule. Atakaye kuiga, basi, aseme anamwiga nani na kwa nini.

Tuwe waadilifu. Si kweli kwamba mtoto asomeshwaye hivyo hana budi kuwa mjinga au mpweke. Mzazi mwangalifu, mwenye vitabu, muda na majirani wema, aweza kumfunza vyema, na iko faida katika kumwendea mtoto kwa kasi yake. Nchi yetu yenyewe inatambua masomo ya nje ya darasa. Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, hupokea watahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imewafikisha mbali watu waliokwisha kukata tamaa, na mpango wa MEMKWA uliwapa nafasi watoto walioikosa elimu ya msingi. Hiyo ni milango iliyowekwa kwa ajili ya walioachwa nje, na tunajivunia.

Lakini mwenye nafasi anayemtoa mwanawe ndani si sawa na maskini aliyeachwa nje. Muda anaouhitaji ataupata wapi? Aghalabu mama ndiye atakayeacha kazi yake, au mwalimu atatolewa katika darasa la watoto 80 aje afundishe mmoja. Nalo hili la pili ni kuchukua maji ya kisima cha kijiji kumwagilia bustani ya maua. Tena, taifa lenye makabila zaidi ya 120 halikuwa taifa kwa kuimba wimbo tu. Liliungana kwa sababu Mhaya alikaa dawati moja na Mmakonde, Mwislamu akagawana muhogo na Mkristo, mwana wa karani akapigwa chenga uwanjani na mwana wa kuli. Mtoto anayelelewa nyuma ya ukuta aweza kujua miji mikuu yote ya dunia na asimjue jirani yake. Siku atakapopewa madaraka, ataitawala nchi aliyoisoma vitabuni. Akina baba na mama wenye elimu na sauti wanapoihama shule ya umma, huihama pamoja na sauti zao, na paa likivuja hakuna wa kupiga kelele. Kama shule ya mtaani haifai kwa mwanao, haifai kwa mwana wa jirani pia, kaa, uitengeneze.

Basi ukweli ni upi? Ni kwamba nyumba na shule ni mafiga ya chungu kimoja, na figa la tatu ni mtaa. Ukiondoa moja, chakula humwagika, na hapo hakuna haja ya kubishana ni figa gani lililokuwa kubwa. Nyumba humpa mtoto lugha, adabu, mkono wa kazi na ujasiri wa kuuliza. Shule humpa maarifa ambayo nyumba moja haiwezi kuyakusanya, na wenzi ambao nyumba haiwezi kuwazaa. Mtaa humkanya asiye na wa kumkanya, na humsemea asiye na wa kumsemea.

Kwa walimu nina ombi moja: wakaribisheni wazazi darasani si siku ya kudaiwa michango tu. Mwiteni mhunzi, mvuvi na mkunga waje kufundisha somo moja, na watoto waone mwalimu akisikiliza kwa adabu. Kwa wanafunzi: nendeni mkawaulize wazee wenu mambo, mkayaandike, na msiyameze bila ya kutafuna. Kwa wazazi sina ombi, nina dai. Jioni hii, kabla ya kuwasha televisheni, mwulize mwanao amejifunza nini leo, usubiri ajibu. Kisha toka nje, hesabu watoto wa mtaa wako, uone ni yupi ambaye asubuhi hakuvaa sare. Kama yumo ndani ya nyumba yako mwenyewe, akiosha vyombo vyako, unajua la kufanya, na sheria inajua pia.